Riwaya ya mapenzi ndani ya Dar es Salaam ya distopia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na waandishi chipukizi wa Dar es Salaam walioanza kuandika riwaya, au walio nayo kichwani, yenye mambo matatu kwa pamoja: mji ulioharibika chini ya utawala wa kutisha (ndiyo distopia), nguvu zisizo za kawaida (ndiyo fantasia), na watu wawili wanaopendana. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu nikiwa nimekaa na mwandishi, mswada wake uko mezani. Penye majibu marefu ndipo miswada mingi inapokwama.

Riwaya ya aina hii ni ipi hasa?

Ni hadithi ya mapenzi ambayo kikwazo chake ni utaratibu wa nchi. Kwenye riwaya ya mapenzi tuliyoizoea, wapenzi hutenganishwa na wazazi, umaskini, dini, usaliti au safari. Kwenye distopia wanatenganishwa na sheria inayomgusa kila mtu mjini, hata wale wasiopenda mtu. Fantasia inaingia pale ambapo sheria hiyo, au njia ya kuivunja, ina nguvu ambayo akili ya kawaida haiwezi kuieleza.

Kipimo ninachokitumia ni hiki. Wachukue wapenzi wako, wahamishie Sinza ya leo, wapangishie chumba na sebule, kodi ya miezi sita ilipwe. Kama mapenzi yao yanaendelea vilevile, na ugomvi wao ni uleule wa simu kutopokelewa na mama mkwe kutoridhika, basi hiyo siyo riwaya tunayoizungumzia hapa. Ni riwaya nyingine, pengine nzuri kabisa, iliyovalishwa majini na wanajeshi. Sheria ya mji lazima iingie mpaka chumbani kwa wapenzi. Karibu kila jibu lililo hapa chini linatokana na jambo hilo moja.

Kwa nini niiweke Dar es Salaam? Wasomaji si wanapenda falme za mbali zenye theluji na majoka?

Wanaozipenda wanazo tayari, tena nyingi. Wasichokuwa nacho ni mji wao.

Na mji huu umeshakuandalia kazi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa ulioanzia kwenye kijiji cha Mzizima, mahali ambapo Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga bandari yake miaka ya 1860. Una Mto Msimbazi, unaoteremka kutoka vilima vya Pugu hadi baharini karibu na Daraja la Salenda, na mvua zikikolea mto huo unalidai bonde lake: barabara inafungwa Jangwani, watu wanahamisha magodoro. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia za mabondeni zikapelekwa Mabwepande. Halafu kuna Kigamboni. Kabla ya Daraja la Nyerere kufunguliwa Aprili 2016, wa Kigamboni alivuka kwa pantoni pale Magogoni au alizunguka Kongowe.

Mwandishi wa distopia anatafuta mahali penye njia chache, kwa sababu anayezishika njia ameshika watu. Simamisha pantoni, funga daraja, weka kizuizi Kongowe. Umeshawatenganisha wapenzi wako bila kubuni ukuta wowote, na msomaji wa Tungi au Kibada atasikia baridi mgongoni kwa sababu njia hizo anazipita kila siku.

Sheria ya mji wangu niitoe wapi?

Itoe kwenye kitu ambacho mji unakigombania tayari: maji, ardhi, umeme, barabara, sehemu ya kupanga biashara. Waandishi wengi wanaanza na dikteta, kisha wanamtafutia la kufanya. Anza na kinachogombaniwa. Dikteta atajitokeza mwenyewe.

Nichukue maji, kwa kuwa ndiyo mfano ninaoupenda. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam inapata maji ya Mto Ruvu kupitia mitambo miwili, Ruvu Juu ulio Mlandizi na Ruvu Chini ulio Bagamoyo. Maji ya Ruvu Chini yanashuka sambamba na Barabara ya Bagamoyo, yanapita Bunju, Tegeta, Kawe. Ya Ruvu Juu yanaingia upande wa Barabara ya Morogoro, Kibaha, Mbezi, Kimara. Oktoba 2022 kina cha mto kilishuka, na jiji likaingia kwenye mgao. Hayo yote ni kweli. Sasa peleka miaka mia mbele, mto umebaki uzi, na anayetawala ametangaza jambo moja tu: kila mtu ameandikwa kwenye bomba alilozaliwa nalo, na hakuna ndoa kati ya bomba na bomba, kwa sababu anayehama kwenda kwa mwenza wake anahama na lita zake.

Tazama sheria hiyo moja inavyozaa. Watu wakikutana, kabla ya kuulizana kabila wanaulizana, wewe wa juu au wa chini? Mahari inalipwa kwa madumu. Mshenga anakwenda ukweni na stakabadhi ya bomba la kijana, na wazee wanaisoma kabla hawajamkaribisha kiti. Mtoto aliyezaliwa na wazazi wa mabomba mawili hana pa kuandikwa. Anakunywa yanayodondoka juu ya bati, na mtaani wanamwita mtoto wa mvua. Katika mji kama huo, kijana wa Kimara akimpenda binti wa Tegeta, mapenzi yenyewe ndiyo kosa. Huna haja ya kumleta mwanamke mwingine wa kuwachonganisha.

Na usiieleze sheria kwenye sura nzima ya historia ya vita na mapinduzi. Iweke mikononi mwa watu. Hivi, kwa mfano:

"Alimkuta uani akifua kwa maji ya jana. Akatua dumu la lita ishirini chini ya mwarobaini, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Binti alilitazama. Ubavuni, pale panapochomwa namba kwa chuma cha moto, palikuwa pamekwanguliwa kwa wembe mpaka plastiki imebaki nyeupe. Mdomo ulizibwa kwa nailoni na kufungwa kwa uzi wa katani. Aliinama akanusa. 'Ya juu haya,' akasema. 'Mama akinywa atajua.'"

Hapo hakuna aliyeambiwa kwamba madumu yana namba, kwamba maji ya mabomba mawili yanatambulikana kwa harufu, wala kwamba kijana ameiba. Vyote vimeonekana, na mapenzi yamepita humohumo ndani ya dumu.

Uchawi, majini na mizimu: niweke kiasi gani?

Weka kimoja, kwa kina. Mswada wenye majini, mazimwi, vibwengo, wachawi wanaoruka na ungo, na mganga wa kutoka Sumbawanga, wote kwenye sura tatu za mwanzo, unamchosha msomaji, kwa sababu hajui kipi kinaweza nini.

Chagua kinachoendana na sheria yako. Tukibaki na maji, pwani yetu ina chunusi, anayewavuta waogeleaji. Lakini kuna kikubwa zaidi. Ruvu inatokea milima ya Uluguru, na huko Uluguru kuna pango la Kolelo, ambako Waluguru, na Wazaramo wa huku pwani pia, walikwenda kuomba mvua. Jina hilo lilivuma hata wakati wa Vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907, vita ambayo moyo wake ulikuwa dawa ya maji. Mwandishi wa Dar akiwa na mto unaokufa, na chanzo cha mto huo kina mwenyewe aliyeheshimiwa vizazi na vizazi, anatafuta nini kwenye majoka ya kigeni?

Ukishachagua, kiwekee gharama. Nguvu isiyo na gharama inaua hadithi, kwa kuwa msomaji anauliza tu, mbona asiitumie tena? Na katika riwaya ya mapenzi gharama hiyo ilipwe na mapenzi. Tuseme anayepanda mpaka pangoni anapewa maji, lakini anaacha sauti yake, ile ambayo mpenzi wake anaitambulia gizani, siku za mgao wa umeme. Anarudi na mto nyuma yake, mtaa mzima unashangilia, na yeye anasimama mlangoni kwa binti hawezi kuita. Hapo fantasia, distopia na mapenzi vimefungwa fundo moja.

Kuna imani ambazo nisizitumie?

Zipo, na kwa hili sina nafasi ya mjadala. Usimfanye mtu mwenye ualbino awe kiumbe cha ajabu, chanzo cha nguvu, wala sadaka, hata kama nia yako ni kumfanya shujaa. Watu wameuawa na kukatwa viungo katika nchi hii kwa sababu ya imani hiyo. Vilevile bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa mchawi: macho hayo ni ya moshi wa jikoni, na wako waliouawa kwa ajili yake. Riwaya yako inaweza kuwaonyesha watu wanaoamini mambo hayo. Isiyathibitishe.

Kwa Kolelo na mfano wake, nenda kwa adabu. Hiyo bado ni imani ya watu. Ama uliza wenyeji, ama badilisha jina na ubuni pango lako.

Mapenzi yaanze lini?

Mapema. Sura ya kwanza wakutane au wasikiane. Sura ya tatu tayari wawe na deni kati yao. Miswada mingi inajenga mji kurasa themanini ndipo msichana anatokea, na kufikia hapo anayetafuta mapenzi ameshafunga kitabu.

Wape pia sababu ya kupendana isiyohusu uzuri. Uzuri unaeleza kwa nini alimtazama, hauelezi kwa nini alirudi siku ya pili huku akijua anaweza kufungwa. Alirudi kwa sababu yule binti pekee ndiye aliyemwuliza jina la mama yake aliyekufa. Au alimcheka alipoogopa. Kitu kidogo, chake peke yake.

Wapenzi wa Dar ya distopia wazungumzeje?

Kama watu wa Dar. Wapendanao hapa hawakai wanaambiana nakupenda, nakupenda sana, sitaishi bila wewe. Wanataniana, wananuniana, wanaulizana umekula. "Umekula?" likitoka kwa mtu mwenye njaa ni tamko zito la mapenzi kuliko aya nzima ya nyota na mwezi.

Kumbuka na watu wanaowazunguka. Kijana akikutana na mama wa binti, haanzi na hoja. Anaanza na "Shikamoo mama," na mama akichelewesha "marahaba" msomaji wetu ameshajua mambo ni mabaya. Dada mkubwa ataitwa dada hata akiwa ndiye adui. Shemeji atataniwa. Utawala unaweza kubadilisha sheria zote za mji, lakini heshima za nyumbani zinabaki, na kule kung'ang'ania kwake katikati ya ukatili ndiko kunakoumiza.

Halafu kuna kanga, na nashangaa kwa nini wachache wanaitumia. Tuna vazi linalosema. Mwanamke ambaye hawezi kutamka neno anavaa neno. Kwenye mji ambao kila ujumbe unasomwa na mamlaka, kanga inageuka barua. Binti anaanika uani kanga iliyoandikwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye," na kijana anayepita na mkokoteni anajua kwamba rafiki waliyemwamini amewauza. Sasa jiulize mamlaka itafanya nini ikigundua. Itatoa orodha ya majina yanayoruhusiwa kuchapwa? Itaamuru kanga zote ziwe bila jina? Hiyo peke yake ni sura nzima, tena ya kutisha, na hakuna bunduki hata moja.

Niandike Kiswahili sanifu au cha mtaani?

Msimulizi asimulie kwa Kiswahili kilichonyooka, wahusika waongee wanavyoongea. Ila misimu ya leo inachakaa upesi, na hadithi yako iko miaka mingi mbele. Ni bora ubuni misimu inayotokana na sheria ya mji wako. Kwenye mji wa mabomba, mtu mchoyo "amefunga koki," anayejipendekeza kwa wakubwa "anakinga," na msichana aliyeachwa "amekatiwa." Msomaji ataelewa bila maelezo.

Serikali au watu fulani watadhani ninawasema wao?

Usimchore kiongozi aliye hai ukambadilisha jina. Tahadhari ni sababu mojawapo, na si ndogo, lakini sababu ya kisanaa ina uzito kwangu kuliko hiyo: mhusika aliyenakiliwa hivyo hawezi kufanya lolote ambalo msomaji halitarajii, na kitabu kinakufa siku mtu huyo anapoondoka madarakani. Shaaban Robert aliiweka Kusadikika, nchi yake ya kubuni, angani. Kitabu chenye jina hilo kilitoka 1951, enzi za mkoloni, na bado kinasomwa na watu ambao mkoloni hawakumwona.

Kuna jambo lingine ambalo distopia nyingi zinalisahau. Mkandamizaji mkuu mwache mbali, hata asionekane kabisa. Ukatili ulete kwa mkono wa mtu wa karibu. Mjumbe wa shina, karani wa bomba, kijana wa mtaani aliyepewa fulana na daftari. Anabisha hodi, anavua viatu, anasema, "Shikamoo mama, samahani, nimekuja kuhesabu madumu." Mama anamfahamu tangu anatambaa. Alimpa uji. Anamkaribisha kigoda, na wakati kijana anahesabu, dumu lile lililokwanguliwa namba liko chini ya kitanda cha binti. Ukiiandika vizuri hali hiyo, hutahitaji jumba la kifalme wala jeshi.

Matukio ya chumbani niyaandike wazi kiasi gani?

Inategemea unapoyatoa. Mtandaoni, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinakataza maudhui ya ngono, kwa hiyo anayeuza sura za namna hiyo kwenye simu ana hatari ya kweli. Kwenye kitabu cha karatasi jamii yenyewe huamua, na wakati mwingine kwa ukali: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilizuiwa kwa muda shuleni, na leo tunaihesabu miongoni mwa riwaya kubwa za lugha yetu. Usiogope mwili, basi, ila ujue unaandika nini na kwa nani.

Ushauri wangu mwenyewe: tafuta tendo ambalo sheria ya mji wako imelifanya kuwa la siri. Pale ambapo maji yanapimwa kwa kikombe, kijana akimwosha binti nywele kwa mgao wake wa siku tatu, taratibu, maji yakikingwa kwenye beseni yasipotee hata tone, hakuna msomaji atakayelalamika kwamba umemnyima mahaba.

Je, jambo hili ni geni kwenye Kiswahili?

Hapana, na anayekwambia umeiga Wazungu hajasoma vitabu vya kwetu. Nagona na Mzingile za Kezilahabi, za 1990 na 1991, zinatembea kwenye dunia iliyovunjika ambamo kanuni za kawaida hazifanyi kazi. Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995, inampeleka mtu aliyehukumiwa kifo kwenye nchi nyingine kabisa. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya 2001, marehemu anarudi kumkabili mjukuu wake ambaye ni mkubwa serikalini. Zisome kabla hujamaliza rasimu yako. Utakachoona ni kwamba ndani yake fikra ndiyo iliyotangulia na mapenzi yakapata nafasi ndogo. Nafasi ya kuyaweka mapenzi katikati ndiyo iliyo mbele yako.

Iwe na urefu gani?

Wa kutosha hadithi. Riwaya nyingi za Kiswahili ni fupi kuliko za Kiingereza, na hakuna ubaya. Ukurasa unaoeleza mji bila kuwagusa wapenzi, ukate.

Lazima wapenzi waishi mwisho?

Msomaji wa mapenzi amekulipa ili apate tumaini, na msomaji wa distopia amekulipa ili usimdanganye. Wote wawili wana haki. Kinachowaudhi wote ni mapinduzi ya ghafla: sura ya mwisho umma unainuka, dikteta anaanguka, harusi inafungwa, vigelegele. Sheria iliyojengwa kurasa mia tatu haianguki kwa kurasa nne.

Mimi napendelea mwisho ambao mji haujapona lakini wawili hawa wamepata kitu ambacho sheria haiwezi kukichukua tena, na wamekilipia. Pengine ni mtoto wa mvua aliyeandikwa kwenye daftari na karani aliyefumba jicho. Pengine mmoja amekufa. Ukimuua mmoja wao, kifo hicho kitokane na uamuzi wake mwenyewe uliokuwa umeanza kuonekana zamani. Asigongwe na gari la doria kwa bahati mbaya kwa sababu tu ulitaka tulie.

Niiuze kwa vipande kwenye simu au nichapishe kitabu?

Watu wa Dar wamesoma hadithi za mfululizo magazetini kwa miaka mingi, na sasa wanazisoma kwenye makundi ya WhatsApp: unasoma sehemu za mwanzo bure, kisha unatuma pesa kwa simu unapewa zinazofuata. Njia hii ina faida kubwa kwa anayeanza. Unajua leoleo sehemu ipi imewachosha, na unajifunza kumaliza kipande mahali ambapo mtu hawezi kulala.

Hasara yake kwa riwaya ya namna hii ni kwamba kila kipande kinadai kishindo, nawe unaanza kurundika mazimwi na risasi ili wateja wasikimbie, sheria ya mji inabadilika kila wiki. Ukitaka kutumia njia hiyo, maliza kwanza rasimu nzima. Kisha ukate vipande. Na jiandae kwamba mtu atanunua mara moja na kuwasambazia wenzake hamsini.

Kitabu cha karatasi kinakwenda polepole. Mchapishaji atasoma, atakaa kimya, atauliza kama kinafaa shuleni, kwa kuwa shule ndizo soko kubwa. Ukijichapia mwenyewe, tumia pesa kwa mhariri kabla ya kutumia kwa mchora jalada. Najua jalada lenye msichana, radi na mji unaowaka linavutia. Makosa ya tahajia ukurasa wa kwanza yanamrudisha mteja haraka kuliko jalada lilivyomleta.

Hakimiliki na ISBN ninapata wapi?

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi yako inalindwa tangu ulipoiandika, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya kifo chako. Kusajili si sharti la kulindwa, lakini usajili kwenye Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, unakupa ushahidi siku mtu akiiba mswada. ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, wale wa Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ukishachapa, peleka nakala maktaba. Na ulipo hapohapo, ingia usome: ni mahali pazuri pa kuandikia mchana, tulivu, pana meza.

Kuna tuzo ninayoweza kushindania?

Zipo mbili kubwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa 2023, na hafla yake hufungamanishwa na tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu. Nyingine ni ile iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, sasa Safal-Cornell, ya fasihi ya Kiswahili. Hiyo inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma. Na usiitoe fantasia ndani ya mswada kwa kudhani majaji hawaipendi. Hiyo ndiyo itakayowafanya wakukumbuke.

Nimpe nani asome kabla sijapeleka popote?

Watu watatu. Mmoja awe mpenzi wa hadithi za mapenzi asiyejali kabisa siasa za mji wako. Mwombe aweke alama kila alipotaka kuruka ukurasa. Wa pili awe mtu wa eneo unaloandika. Kama kijana wako anatoka Kimara kwa miguu usiku kwenda Tegeta, mkazi wa huko atakwambia njia hiyo inapita wapi, wapi kuna mlima, na kama anaweza kufika kabla ya adhana ya alfajiri. Wa tatu awe mtu mzima, mama au shangazi, aliyewahi kubeba ndoo kichwani wakati wa mgao. Msomee kwa sauti sura ya dumu na ile ya karani, usimwulize kama ameipenda. Mwulize mama yule angeficha wapi.